Etelka na Maneno ya Macho

Etelka Bakos aliungua macho kwa chokaa siku chache kabla ya Pasaka, akiwa bado msichana. Hakuna aliyemkosea. Alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, hapahapa kijijini Tiszaberek, anazima chokaa shimoni, yaani anaimwagia maji ilainike, ili wapake kuta, kama kila nyumba ya mtaa wetu ilivyofanya msimu ule. Bonge moja lililobaki bichi likalipuka mbele ya uso wake. Walimwosha kwa ndoo za maji, wakampakia kwenye gari la ushirika, wakamkimbiza hospitali. Aliporudi na kufunguliwa vitambaa, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilijua mchana na usiku, basi.

Mimi niliolewa nyumba ya jirani mwaka uliofuata, kwa hiyo kilio cha mwanzo sikukikuta. Nilichokikuta ni watu kuongea kwa kunyata. Walikuwa wanakuja kwa Etelka, wanakaa, wanapewa chai, lakini kila sentensi wanaipima kwanza kama mtu anayepita katikati ya vifaranga.

Tatizo lilikuwa lugha yetu. Kihungari kimejaa macho. Kutazama ni nézni na kuona ni látni, na maneno hayo mawili yamezaa ukoo mzima. Kumtembelea mtu ni látogatni, yaani kwenda kumwona, kisha kumwona tena. Ukihisi mvua iko karibu, unasema inaonekana itanyesha. Ukimkanyaga mtu sokoni unamwambia elnézést, kama unayemwomba apitishe jicho pembeni asilione kosa lako. Hata kuagana ni viszontlátásra, hadi tuonane tena. Sasa mtu ataingiaje nyumba ya asiyeona, akae, anywe chai, aage, bila kuligusa hata neno moja kati ya hayo?

Watu walijitahidi, na bingwa wao alikuwa mama mkwe wangu, Rozália. Siku ya kwanza aliponichukua kwenda kumsalimia Etelka, alisimama mlangoni na sahani ya keki za jibini.

"Etelka, mwanangu, nimekuja... nimekuja ku..."

"Kufanya nini, mama Rozália?"

"Kukaa."

"Karibu ukae. Watu wengine huwa wanakuja kuniona."

"Jamani, usiseme hivyo!"

"Sasa niseme nini? Umekuja kuninusa?"

Mama mkwe alikaribia kudondosha sahani. Mimi nilicheka, nikafinywa.

Mwenyekiti wa ushirika naye alikwama siku moja getini. Alianza kuaga, "Viszont...", akakumbuka yuko na nani, akageuza kona: "viszonthallásra!" Hadi tusikiane tena. Ndivyo watangazaji wa redio wanavyoaga. Neno likapendwa. Kijiji kizima kikawa kinamuaga hivyo, hata mapadri, na kila mtu akijiona mwungwana.

"Nimekuwa redio," Etelka aliniambia. "Iko siku mtanizima."

Alisema kwa utani, lakini nilikuwa nimekaa karibu na niliona anavyovuta uzi wa shali yake. Kilichomuuma zaidi ni yale yaliyoachwa kusemwa kabisa. Mbele yake hakuna aliyezungumzia gauni la bibi harusi, wala rangi ya ndama aliyezaliwa, wala sinema. Hasa sinema. Jumamosi kijiji kizima kilijazana kwenye nyumba ya utamaduni kutazama filamu, na Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinaichambua mbele ya kanisa. Etelka akitokeza na fimbo yake, mazungumzo yote yanahamia kwenye kuku.

Aliishi hivyo miaka. Mikono yake ilikuwa na kazi tele. Alikanda unga, alikunja tambi ndogo za supu kwa vidole haraka kuliko sisi, na wakati wa baridi alijiunga na wanawake wengine kunyonyoa manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito. Tulikuwa tunafanyia kazi hiyo kwenye ukumbi wa nyumba ya utamaduni, kwa sababu kulikuwa na jiko kubwa la kuni.

Ndiko Gedeon Somlai alikomkuta. Alikuwa ametumwa kutoka mji wa Szolnok kuendesha projekta baada ya mzee wetu wa filamu kustaafu. Hakumjua mtu hata mmoja. Alisukuma mlango kwa goti, mikononi ana makebe mawili ya mikanda ya filamu, na upepo ukaingia naye. Manyoya yote yakaruka. Wanawake wakapiga kelele. Etelka ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

"Dada, tazama hapa!" Gedeon akamwambia. "Nishikie mlango, tafadhali, makebe yananiponyoka!"

Manyoya yalikuwa yanashuka taratibu, na mtu mmoja akanong'ona, "Haoni huyo." Gedeon akamtazama vizuri, akaelewa, na akajaribu kuokoa hali.

"Elnézést," akasema, neno lilelile la kupitisha jicho pembeni.

Rozália akajishika kichwa. Lakini Etelka alikuwa ameanza kucheka. Alicheka mpaka unyoya ukamwingia mdomoni, akautema, akacheka tena.

"Bwana, mimi natazama," akasema. "Tangu asubuhi natazama. Kuona ndiko kumenishinda."

Alisimama, akaufuata mlango kwa mkono, akaufunga. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza tangu aungue: "Filamu ya Jumamosi inahusu nini?"

"Sijaijua bado. Ya kigeni. Njoo."

"Nije nitazame nini?"

"Njoo chumba cha projekta. Mimi nitaona, wewe utatazama. Tutagawana."

Wanawake walidhani amemtukana. Etelka alirudi kwenye kiti chake, akanyonyoa manyoya mpaka jioni bila neno, na Jumamosi akaniomba nimsindikize ngazi za nyuma.

Chumba kile cha projekta kilikuwa kama kabati, chenye joto, mashine mbili zinazokoroma kwa zamu, na kitundu cha kuchungulia ukumbini. Gedeon alimwekea kigoda. Filamu nyingi za wakati ule zilikuwa za kigeni, Waitaliano, Wafaransa, Warusi, na maneno yetu yakiandikwa chini ya picha. Kwa hiyo Gedeon alimsomea maandishi yote, na katikati akamwambia kinachotokea. "Sasa anatoka nje. Amevaa koti la baba yake, linamvuta mabegani. Anamtazama yule binti. Binti amemwona, lakini anajifanya hajamwona." Huko chini hakuna aliyemsikia, kwa kelele za mashine. Etelka alikuwa anashuka ngazi mashavu mekundu kama aliyetoka kucheza ngoma.

Akaenda Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mama yake alinung'unika kwamba mtu wa Szolnok hajulikani ukoo wake. "Sauti yake naijua," Etelka akajibu. Walioana vuli ya mwaka uliofuata, tukala supu ya kuku na zile tambi ndogo alizozikunja bibi harusi mwenyewe.

Miaka kadhaa baadaye daktari mmoja wa mji wa Szeged alisema jicho la kulia laweza kujaribiwa. Wangelitoa lile tabaka la mbele lililoungua na kupachika la mtu aliyefariki. Hakuahidi kitu. Etelka alikwenda, akalala chali siku nyingi bila kugeuza kichwa, na Gedeon alikuwa anapanda treni kila alipopata nafasi kwenda kumsomea magazeti.

Walipofungua bendeji hakukuwa na muujiza. Alinisimulia mwenyewe: rangi zilimvamia zote kwa pamoja, kama watu wanaoongea kwa wakati mmoja, na hakujua ipi ni ukuta na ipi ni muuguzi. Alikuwa anatazama kwa nguvu zake zote na haoni kitu. Ilimchukua siku kadhaa kabla kitu chenye rangi ya kutu kilichokuwa kando ya kitanda kuwa kichwa cha mtu.

"Gedeon, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nywele zako zina nini?"

"Hazina kitu. Kwani zimefanyaje?"

"Ni nyekundu!"

"Tangu nizaliwe."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani wamekwambia kijiji kizima. Wananiita Mbweha."

Etelka alidhani wanamwita hivyo kwa ujanja wake. Aliporudi alituuliza sote, mmoja mmoja, kwa nini katika miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia mumewe ana nywele nyekundu. Rozália akasema, "Mwanangu, tuliogopa kukuumiza." Etelka akamtazama mama mkwe wangu kwa lile jicho moja jipya, lenye maji maji bado, akasema, "Nywele zingeniumiza vipi?"

Kuona alijifunza polepole. Miezi ya mwanzo, akitaka kupita jikoni kwa haraka, alikuwa anafumba jicho kwanza. Kivuli barabarani alikiruka akidhani ni shimo. Lakini ilifika majira ya joto akawa anatambua watu kwa mwendo, kisha kwa sura. Na ndimi zetu zikafunguka. Tukawa tunasema tazama, tazama, umeona, inaonekana, hadi tuonane, kama watu waliotolewa kwenye mfungo.

Mwishoni mwa Agosti mikanda ya filamu mpya ilikwama njiani, na Gedeon akaamua kurudia filamu ya Kitaliano iliyowahi kuonyeshwa zamani, ile ya mzee mwenye mkokoteni na farasi wake. Siku hiyo mchana tulikuwa tumekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, mimi, mama mkwe na Etelka, tunamenya maharage.

"Leo nabeba leso mbili," Rozália akasema. "Safari ile nililia mpaka nikaona aibu."

"Leso za nini?" Etelka akauliza. "Farasi si anarudi nyumbani?"

"Anarudi wapi?"

"Kwa yule mzee. Asubuhi, ukungu umetanda, anasukuma mlango kwa pua. Mzee anamwita jina."

Rozália aliniangalia. Mimi nikayaangalia maharage. Farasi yule alikuwa ameuzwa kwa wachinjaji. Gari linaondoka naye, mzee anabaki barabarani ameshika hatamu tupu, na filamu inaishia hapo.

"Labda mimi nimesahau," mama mkwe akasema. Alikuwa hasahau kitu yule mama.

Jioni Etelka hakupanda chumba cha projekta. Alisema sasa ana jicho, atakaa ukumbini kama watazamaji wengine, na akakaa safu ya pili katikati yetu. Maandishi ya chini yalikuwa bado yanamkimbia, kwa hiyo nilimsomea kwa kunong'ona. Lilipokuja lile gari sikunong'ona kitu. Hakukuwa na maneno ya kusoma. Gari likaondoka, mzee akabaki barabarani, taa zikawaka. Rozália alikuwa analia kwa leso zake mbili. Etelka alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anakitazama kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu.

Alisubiri watu watoke. Gedeon akashuka na funguo.

"Gedeon," akamwambia, "farasi yuko wapi?"

Mwanamume yule alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Uso ulimbadilika rangi, ukakaribia nywele zake.

"Nilikuwa nakusudia kukuambia."

"Lini?"

"Safari ya kwanza kabisa, filamu ile ya kwanza, mtoto anazama mtoni. Nilikuwa nataka kusema anazama. Nikakutazama, ulikuwa umeshika kigoda kwa mikono miwili. Mdomo ukasema: ameshika tawi. Ukacheka kwa furaha. Basi."

"Na nyingine?"

"Si zote."

"Zote au si zote?"

"Nyingi."

Kihungari tunao msemo wa kistaarabu kwa mke na mume waliogombana. Tunasema wana tofauti ya mitazamo. Mimi nikautoa, mjinga mimi, nikidhani natuliza mambo. Etelka akanigeukia.

"Tofauti ya mitazamo inataka watu wawili wawe wametazama," akasema. Kisha akamwambia Gedeon, taratibu, bila kupaza sauti: "Hawa waliniondolea maneno. Wewe umeniondolea farasi. Nilikuwa nakuamini kuliko macho yangu."

Akahamia kwa mama yake, jirani yetu, na nguo zake kwenye kikapu.

Wiki zikapita. Gedeon alikuwa anaendesha projekta bila kusema na mtu, na mara mbili aliweka mkanda kinyume. Alikwenda kwa mama mkwe wake kuomba msamaha, akapewa supu, hakupewa mke. Etelka hakumfukuza. Alikuwa anamtazama tu kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha. Nilimwuliza kama anataka talaka. "Sitaki talaka," akasema. "Nataka kujua mwisho."

Plamu zilipoiva kupita kiasi, ndipo kazi ikawakutanisha. Jamu ya plamu kwetu hupikwa nje kwenye sufuria kubwa ya shaba, bila sukari, tangu alfajiri, na haiachwi kukorogwa, vinginevyo inashika chini. Ni kazi ya watu wawili wanaopokezana. Mama yake Etelka alikuwa na mgongo mbovu, na mimi nilikuwa na mimba kubwa. Gedeon alikuja bila kuitwa, akavua koti, akashika ule mti mrefu wa kukorogea.

Etelka alimwacha akoroge mpaka mvuke ukapungua. Kisha akavuta benchi, akakaa upande wa pili wa sufuria.

"Anza na mtoto wa mtoni," akasema.

"Alizama."

"Mama yake?"

"Alimpata asubuhi. Alimfunga kwa shali yake."

"Yule mwanajeshi wa Kirusi na barua ya mchumba?"

"Hakurudi. Binti alimsubiri stesheni, treni ikapita."

"Uliniambia walipata mapacha."

"Nilisema mapacha?"

"Wa kiume. Mmoja ana makengeza."

Gedeon alikuwa anakoroga anatazama chini. Wakaendelea hivyo, filamu moja baada ya nyingine, mke anauliza na mume anazika. Alizika bibi wa Kifaransa, alizika mvuvi, alizika mbwa wawili. Etelka alilia kwa baadhi yao, kilio cha kweli, cha msiba uliochelewa. Machozi ya jicho lile jipya alikuwa bado anayapangusa kwa uangalifu, kama walivyomfundisha Szeged. Nilitaka kuondoka, akanionyesha nikae.

"Na yule bwana harusi tajiri, mwenye kofia?" akauliza. "Aliyeanguka kisimani siku ya harusi?"

Gedeon akasita. "Huyo hakuanguka."

"Alifanyaje?"

"Alioa. Wakaishi vizuri. Mwisho wanacheza muziki bustanini."

"Sasa kisima kilitoka wapi?"

"Sikumpenda," Gedeon akasema. "Ule mtazamo wake. Alikuwa anawadharau watu."

Etelka alimkazia jicho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika benchi, mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na jamu ikashika chini kidogo upande wa kushoto.

"Umemuua mtu siku ya harusi yake!"

"Alistahili."

"Lete huo mti, jamu inaungua."

Hakumsamehe siku ile. Alirudi nyumbani kwake baada ya jamu kuingia kwenye mitungi, lakini aliweka sharti mbele yetu: tangu leo kinachoonekana kinasemwa. Ng'ombe akifa, amekufa. Gauni likiwa baya, ni baya. Gedeon akakubali, na kwa muda mrefu alikuwa mkweli mpaka akawa kero. Aliwahi kumwambia Rozália kwamba kofia yake mpya inafanana na keki iliyokaliwa, na mama mkwe wangu hakumsemesha mpaka Krismasi.

Baadaye yule daktari wa Szeged alimwomba Etelka awe anakwenda hospitali mara kwa mara kukaa na wagonjwa kabla hawajafunguliwa bendeji. Wengi walikuwa wanakata tamaa siku ya kwanza, wakidhani upasuaji umeharibika. Etelka alikuwa anapanda treni ya asubuhi na kikapu cha maandazi ya mbegu za popi. Mara moja nilifuatana naye. Kitandani alikuwa amelala mchunga kondoo mmoja wa kule Hortobágy, mzee mkubwa wa mwili, mikono imetulia juu ya shuka.

"Itakuwa kelele tupu mwanzoni, baba," Etelka alimwambia. "Usiogope. Utatazama kabla ya kuona."

"Nitazame nini kwanza? Daktari?"

"Usihangaike na daktari. Tazama mkono wako. Huo unaujua, hauwezi kukuchanganya."

Mzee akainua mkono wake, akaukunja na kuukunjua mbele ya bendeji, akijaribu. Etelka akampa andazi, akamwambia viszontlátásra, hadi tuonane tena, kwa sauti ya kawaida, na sisi tukatembea kwenda stesheni. Alitaka tuwahi treni ya mchana, nyanya za bustanini zilikuwa zinamngoja azichume.